Mbiu na Jambo Lake: Maana, Asili na Matumizi ya Kaulimbiu

Wasomaji wetu walio walimu na wachungaji hukutana kila siku na maneno mafupi yaitwayo kaulimbiu. Huandikwa juu ya milango ya shule, katika vitambaa vya sherehe, katika barua za serikali, hata katika fulana za vijana. Watu huyatamka kwa sauti kuu, kisha wengi huyasahau kabla jua halijachwa. Walakini maneno haya si mchezo. Yamechimbisha vyoo na kujengesha shule, nayo yamewapeleka watu vitani wakafa. Mwanafunzi akiuliza, "Kaulimbiu ni nini, nayo yatofautianaje na methali?", haifai mwalimu amjibu kwa kumpa mifano tu. Basi na tulitazame jambo hili kwa utaratibu: kwanza asili ya jina, kisha umbo la maneno yenyewe, kisha matumizi yake, na mwisho kipimo cha kupambanua mwito wa kweli na kelele.

I. Asili ya jina

Neno kaulimbiu limeungwa kwa maneno mawili. La kwanza, kauli, latoka katika Kiarabu, maana yake usemi au neno lililonenwa. La pili, mbiu, ni pembe, hasa pembe ya nyati, iliyopigwa zamani katika miji ya pwani ili watu wakusanyike wapate kusikia habari au amri ya mwenye mji. Tangazo lenyewe liliitwa mgambo. Ndiyo maana ya methali ijulikanayo na wote, "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo." Hapa walimu wa Tanzania waangalie sana, maana siku hizi neno mgambo humletea mtoto picha ya askari wa akiba walindao mitaa na masoko, naye hudhani kwamba methali yasema habari za askari hao. Sivyo. Methali yasema kwamba pembe haipigwi bure. Ikisikika, pana neno la kusikilizwa.

Waingereza nao wana neno lao la maana iyo hiyo, yaani slogan, nalo kwa asili si la Kiingereza. Walilipata kwa Wagaeli wa milima ya Uskoti, ambao walisema sluagh-ghairm. Sluagh ni jeshi au umati wa watu, na gairm ni ukelele au mwito. Kila ukoo ulikuwa na ukelele wake wa vita, mara nyingi jina la mkuu wao au la mahali pao pa kukusanyikia, na mtu aliposikia ukelele huo aliwatambua wenziwe. Tangu mwanzo wa karne ya 16 neno hili laonekana katika maandishi ya Waskoti, likiendelezwa kwa namna nyingi.

Tahajia hizo za zamani zilileta kosa la kuchekesha ambalo mpenda lugha hawezi kulipita. Kijana mtunga mashairi Thomas Chatterton, aliyekufa mwaka 1770, aliliona neno hilo limeandikwa kwa namna ya zamani, slughorne, naye kwa kuwa horn kwa Kiingereza ni pembe, akadhani kwamba ni pembe ipigwayo vitani. Robert Browning akalifuata kosa hilo katika shairi lake "Childe Roland to the Dark Tower Came", lililochapwa mwaka 1855, akamtia shujaa wake mkononi pembe ambayo haijapata kuwako duniani. Basi tazameni jinsi lugha zinavyokutana njiani bila kujuana: kwa Waingereza ukelele uligeuzwa pembe kwa kosa la msomaji, kwa Waswahili pembe ya kweli ndiyo iliyoupa ukelele jina lake.

Asili hizi mbili zatuonyesha sura mbili za jambo moja. Ukelele wa Wagaeli uliwafunga watu wa upande mmoja wawe kitu kimoja mbele ya adui. Kazi yake ilikwisha watu walipokwisha kuungana. Mbiu ya Waswahili iliwakusanya watu wapate kuambiwa jambo. Kama hapana jambo, mpiga mbiu alikuwa amewasumbua watu. Kila kaulimbiu ina sehemu ya hizi zote mbili, yaani kuunganisha na kuarifu, na hatari yake kubwa ni kuunganisha pasipo kuarifu.

Nchi yetu yenyewe yatupa mfano wa ukelele wa vita. Mwaka 1905 watu wa kusini mwa koloni la Wadachi waliinuka kupigana na serikali iliyowalazimisha kulima pamba na kufanya kazi kwa nguvu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa ya maji, nao waliamini kwamba kwa dawa hiyo risasi za Wadachi zitageuka maji. Neno "Maji! Maji!" likawa ukelele wao, na kwa neno hilo moja walijiunga watu wa makabila mengi ambao zamani hawakuwa na mkuu mmoja. Ndiyo kazi ya sluagh-ghairm. Lakini risasi hazikugeuka maji. Vita vilipokwisha mwaka 1907 walikuwa wamekufa watu makumi kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa, maana majeshi ya Wadachi yaliteketeza mashamba na maghala ya chakula. Watu wale walikuwa mashujaa, na madai yao yalikuwa ya haki, hapana atakayewacheka. Hata hivyo habari yao yatufundisha neno la kukumbukwa daima: nguvu ya neno kuwaunganisha watu si ushahidi wa ukweli wake.

II. Umbo la maneno

Aliyelelewa katika Kiswahili amezoea tangu utoto usemi wenye nusu mbili, nusu ya mwitaji na nusu ya mwitikiaji. Msimulizi husema, "Paukwa!" na watoto huitikia, "Pakawa!" Mtega vitendawili husema, "Kitendawili!" na wenziwe hujibu, "Tega!" Mgeni hupiga hodi, na mwenye nyumba hujibu karibu. Usemi wa namna hii haujakamilika mpaka umeitikiwa. Mtu akipiga hodi pasipo kujibiwa, hasemi kwamba ameamkia, bali husema kwamba hakuna mtu. Kaulimbiu zetu zimepanda juu ya desturi hii. Msemaji mkutanoni alisema, "Uhuru!" na wananchi wakaitikia, "Na kazi!" Kwa sababu hiyo kaulimbiu ya Kiswahili husikiwa zaidi kuliko kusomwa, na ile iandikwayo ukutani pasipo kuitikiwa na mtu ni kama hodi iliyopigwa penye nyumba tupu.

Tukizitazama zile zilizopata nguvu Afrika ya Mashariki, twaona kwamba zina maumbo machache tu.

Umbo la kwanza ni neno moja, kama Uhuru na Harambee. Neno uhuru lafaa liangaliwe. Huru, kwa asili ya Kiarabu, ni mtu asiye mtumwa, na uhuru ulikuwa hali ya mtu huyo. Katika miaka ya 1950 neno lililosemwa juu ya mtu mmoja likasemwa juu ya nchi nzima, nalo lilibeba ndani yake kumbukumbu ya minyororo. Ndiyo sababu halikuhitaji maelezo.

Umbo la pili ni maneno mawili yaliyofungwa kwa na: Uhuru na Umoja, maneno yaliyo katika nembo ya taifa la Tanzania, Uhuru na Kazi, mwito wa chama cha TANU baada ya Tanganyika kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Hapa kiungo kidogo chafanya kazi kubwa. Chawaambia watu kwamba kile walichokwisha kukipata hakitadumu pasipo hiki cha pili.

Umbo la tatu ni maneno matatu. Wafaransa walikuwa na Uhuru, Usawa, Udugu, maneno ya siku za mapinduzi yao yaliyotiwa katika katiba ya mwaka 1848. Kenya, baada ya mwaka 1978, Rais Daniel arap Moi alipoahidi kufuata nyayo za aliyemtangulia, ilisikia Amani, Upendo na Umoja. Tanzania mwaka 2005 ilisikia Ari Mpya, Nguvu Mpya na Kasi Mpya. Masikio hupenda matatu. Lakini moyo ukiulizwa lile la pili lilikuwa lipi, mara nyingi hunyamaza.

Umbo la nne, ambalo naona ndilo la Kiswahili hasa, ni sentensi ya ni: Kupanga ni Kuchagua, Siasa ni Kilimo, Mtu ni Afya, Chakula ni Uhai. Mwalimu wa sarufi akiyaweka maneno "Mtu ni Afya" katika mizani ya darasani, atasema kwamba si sawasawa, maana mtu si afya, bali ana afya au hana. Lakini sikio la Kiswahili halikukataa, kwa kuwa lilikwisha kuzoea umbo hilo katika methali: Mtu ni watu; Akili ni mali; Ahadi ni deni. Waliotunga kaulimbiu hizi waliazima chombo cha wazee wakatia ndani yake kitu kipya. Nayo yalikuwa maarifa, maana neno geni likija katika chombo kijulikanacho, watu hulipokea upesi.

Hapo ndipo swali la mwanafunzi lajibiwa. Kaulimbiu na methali hufanana kwa umbo, lakini hutofautiana kwa mambo matatu. Methali haina mwenyewe; kaulimbiu ina aliyeipiga, awe serikali, chama, shule au mfanyi biashara. Methali haina siku. Kaulimbiu ina siku yake ya kuzaliwa, na nyingi zina siku ya kufa. Tena methali husema jinsi mambo yalivyo, na msikilizaji huitumia apendavyo. Kaulimbiu husema jinsi mwenyewe anavyotaka mambo yawe, na msikilizaji ametakiwa afanye. Kwa hiyo si adabu mbaya kuiuliza kaulimbiu, "Nani aliyekutuma?" Methali haiulizwi hivyo.

III. Matumizi: mifano mitatu

Mfano wa kwanza ni Harambee. Lilikuwa neno la watu wavutao au wainuao kitu kizito. Mmoja huita na wengine hujibu kwa kuvuta wote pamoja. Mwaka 1963, Kenya ilipopata madaraka ya kujitawala, Jomo Kenyatta alilifanya kuwa mwito wa taifa, nalo limo katika nembo ya Kenya. Watu waliitikia kwa mikono yao. Shule nyingi za sekondari zilijengwa kwa michango ya wanavijiji, zikaitwa shule za harambee. Baada ya miaka, desturi njema ilianza kuharibika mahali pengi: mchango wa hiari ukawa kama kodi, na wakubwa wakatoa fedha nyingi mbele ya watu ili wasifiwe na kuchaguliwa. Mwaka 2003 sheria ya Kenya juu ya maadili ya watumishi wa umma iliwakataza kuutumia wadhifa wao kuchangisha harambee. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni nani avutaye na nani avutwaye.

Juu ya neno hili wachungaji wengine wamesumbuliwa na swali. Wako wasemao kwamba lilitoka kwa Wahindi waliojenga reli, nao walikuwa wakimwita Ambe, mungu wa kike wa Kihindu. Kwa hiyo, wasema, Mkristo asilitamke. Wengine hulitambua kuwa ni ukelele wa wafanya kazi tu. Kwa shauri letu, mchungaji hana haja ya kungoja ubishi huo wa asili ukatike ndipo amtulize muumini wake. Asili ya neno ni kitu kimoja, na maana yake katika vinywa vya watu ni kitu kingine. Waingereza huiita Jumatano kwa jina la Woden na Alhamisi kwa jina la Thor, miungu ya mababu zao, wala hapana asemaye kwamba askofu wa Kiingereza atangazaye ibada ya Alhamisi anamwabudu Thor. Maneno, kama watu, huhukumiwa kwa kazi wanayofanya sasa, si kwa ukoo wa babu zao.

Mfano wa pili ni Siasa ni Kilimo. Mwezi wa Mei 1972 chama cha TANU kilikutana Iringa kikatoa azimio juu ya kilimo, na maneno hayo yakawa jina lake. Nia ilikuwa njema, na azimio lenyewe lilisema mengi ya maana juu ya ulimaji bora. Lakini kaulimbiu iliyofika vijijini haikumwambia mkulima afanye nini kesho asubuhi. Ilisema juu ya siasa, ambayo kwake ni kazi ya viongozi, na juu ya kilimo, ambacho alikijua kuliko aliyemhubiri. Miaka ya 1973 na 1974 mvua zilikosekana, na wakati uo huo watu wengi walikuwa wakihamishwa kwenda vijiji vipya. Nchi ikalazimika kununua nafaka nyingi ng'ambo. Haikuwa kaulimbiu iliyozuia mvua. Lakini wala haikujaza ghala.

Mfano wa tatu ni Mtu ni Afya, mwaka 1973. Ilitanguliwa na kampeni nyingine za elimu kwa njia ya redio, kama Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, hata watayarishaji walikwisha kujifunza kazi. Safari hii walichagua maradhi yaliyowasumbua watu kila siku: malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Kwa muda wa majuma 12 watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakaamua watafanya nini katika kijiji chao. Viongozi wa vikundi walifundishwa kwanza. Vikundi vilipata kama 75,000, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Walifyeka nyasi, walifukia madimbwi, walichemsha maji, na vyoo vilivyochimbwa vilikuwa vya kuhesabiwa kwa malaki.

Ziwekeni kaulimbiu hizi mbili upande kwa upande. Zote mbili zilitungwa katika nchi moja, kwa muda usiozidi miaka miwili, kwa umbo lile lile la ni, na ya pili haikuwa tamu kuliko ya kwanza. Tofauti haikuwa katika maneno. Nyuma ya Mtu ni Afya palikuwa na jambo: saa ya kukutana, kijitabu cha kusoma, mtu wa kuongoza, na jembe la kuchimbia. Aliyeitika alijua anaitikia nini. Nyuma ya Siasa ni Kilimo, kwa mkulima wa kawaida, palikuwa na pembe tu.

IV. Kipimo

Kaulimbiu ina ubaya wa namna tatu, na mwalimu afaa kuujua. Wa kwanza ni kuchakaa. Neno lisemwalo kila mahali kwa kila jambo huwa kama sarafu iliyolika mpaka sura yake haionekani. Wa pili ni kufunga mdomo. Mtu aulizapo swali la haki mkutanoni, akajibiwa kwa kaulimbiu na makofi, swali lake limezikwa likiwa hai. Wa tatu ni kumpa msemaji raha ya uongo: akiisha kupaza sauti pamoja na wengine huona kwamba amekwisha kufanya. Katika Tanzania mwito wa kazi umerudi mara nyingi, tangu Uhuru na Kazi, hata Hapa Kazi Tu ya mwaka 2015, na Kazi Iendelee ya mwaka 2021. Haya ni maneno mema. Lakini neno kazi ndilo neno lisiloweza kufanywa kwa mdomo.

Basi shule au parokia itakapo kutunga kaulimbiu yake, naona yafaa ifuate mambo manne. Iwe fupi, ipate kutoka katika pumzi moja. Itumie maneno ya watu wenyewe, si ya ofisini, ili bibi kizee asiyejua kusoma aitamke pasipo kujikwaa. Iwe na kazi nyuma yake iliyokwisha kupangwa, pamoja na mtu, siku na chombo. Kama kazi haijapangwa, pembe isipigwe bado. Tena iwe na mwisho, maana mwito wa kuchimba kisima ukiendelea kupigwa baada ya kisima kujaa maji, watu watauzoea kama walivyouzoea mlio wa panzi.

Nao watoto wafundishwe maswali matatu ya kuuliza kila wasikiapo au wasomapo kaulimbiu, ikiwa ya serikali, ya dini, ya mwenye duka au ya shule yao wenyewe. Nani ameipiga mbiu hii? Jambo lake ni lipi? Nami nikiitikia, kesho nitafanya nini? Mtoto awezaye kujibu haya hatadanganywa kwa urahisi, wala hatakuwa mtu wa kudharau kila mwito. Maana hasara ya pili ni kubwa kama ya kwanza: watu waliokwisha kudanganywa na pembe tupu mara nyingi hukaa majumbani hata siku pembe ya kweli inapolia, moto umeshika kijiji.

Wazee walisema kwamba ahadi ni deni. Kaulimbiu ni ahadi iliyotolewa kwa sauti kuu mbele ya watu wengi, kwa hiyo deni lake ni kubwa kuliko la ahadi ya faraghani. Aliyepiga mbiu analo deni la jambo, na walioitikia wanalo deni la kazi. Zikilipwa zote mbili, maneno mawili au matatu yaweza kuigeuza nchi. Zisipolipwa, iliyosikika ilikuwa pembe ya nyati tu, na nyati mwenyewe alikwisha kufa zamani.